Pomeranian wa Kuhasiwa

Kazi yangu ni mapokezi katika kliniki ya mifugo hapa Machakos. Wiki ya pili, mimi niliyezoea mbwa wa kulinda boma tu, nililetewa kijibwa chenye manyoya kama pamba.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza mama aliyembeba.

"Ni Pomeranian."

Nikaandika. Mzee aliyemfuata akiwa na kijibwa kama hicho akanijibu vivyo hivyo. Nikamwambia, "Mzee, hilo jina limeshika sana siku hizi."

Daktari akaita, "Niletee Pomeranian tumhasi."

Nikambeba aliyekuwa karibu, kifua mbele. Daktari alimgeuza mezani, akamkagua.

"Pomeranian si jina, ni aina ya mbwa," akasema. "Na huyu uliyeniletea amekuja kupimwa mimba."