Majivu Chini ya Misonobari

Harufu ya utomvu ilinipata kabla sijauona msitu wenyewe, nami hapo hapo nilishika nguo ya mama. Msitu wa misonobari ulikuwa juu ya kijiji chetu, katika milima ya Masisi. Ndani mle ndege hawakulia. Majani membamba yaliyokauka yalifunika ardhi yote, hata ukitembea husikii miguu yako, wala ya anayekufuata nyuma. Serikali ya Wabelgiji iliwahamisha wazazi wangu kutoka mlima huo, ikapanda miti yake juu ya migomba na viwanja vya watu. Na juu ya kaka yangu. Alifariki kabla ya kuota meno, mimi sijazaliwa, na kwetu mtoto wa umri huo alizikwa nyuma ya nyumba bila jiwe wala alama, kwa kuwa mama yake angepajua tu. Nani angefikiri kwamba nyumba yenyewe itaondolewa? Mama alipookota kuni mle alinyata, akiogopa kumkanyaga mwanawe bila kujua. Nami nilinyata nyuma yake, na kusema kweli niliuchukia msitu ule.

Kiangazi kimoja, miaka ya hamsini, akaja Mzungu wa udongo. Alitaka kujua misonobari inaifanya nini ardhi, kwa hiyo akachimbisha shimo shambani kwetu na jingine msituni, yote marefu kumpita mtu, kuta zimechongwa zikanyooka. Majirani walinong'ona kwamba anamwandalia mtu kaburi, na wengine waliacha kupita njia ile. Kapita wake, msimamizi wa vibarua, akamtwika mama kikapu cha udongo wa shambani, aupeleke juu ukalinganishwe na ule wa msituni. Mimi nikafuata.

Ukuta wa shimo la msituni ulionyesha ardhi ilivyolala: majani yaliyooza, udongo mweusi mwembamba kuliko wa kwetu, kisha wa kahawia, halafu mwekundu. Lakini upande mmoja mpangilio ulivurugika. Weusi ulishuka hadi ndani ya wekundu, na chini yake kulikuwa na mkanda wa majivu usiozidi urefu wa mkono. Mzungu alifurahi mno. Kapita akatutafsiria kwamba hayo ni majivu ya volkano ya zamani, na kwamba Mzungu atauchimba ukuta kuyafuata. Tayari alikuwa ameinua sururu yake.

Mama akatua kikapu. "Papa kapita, umwambie aache," alisema polepole. "Ile haiko majivu ya volkano. Iko ya jiko yangu. Mama-mukwe njo aliimwangaka mu kaburi ya mutoto wangu, juu asisikie baridi."

"Mama, nitamwambia Muzungu vile?" kapita aliuliza.

"Umwambie."

Mama hakungoja. Aliteremka shimoni, akasimama kati ya Mzungu na ukuta, akaweka kiganja juu ya majivu. "Iko moto," alinong'ona, akaniita. Niliogopa sana, lakini nilishuka, nikagusa. Hadi leo sijui kama joto lile lilikuwa la ukuta au la mkono wangu. Mzungu alimtazama mama, akautazama ukuta, akapanda juu na kuagiza shimo lingine lichimbwe mbali. Mama aliwakataa vibarua waliotaka kufukia. Aliurudisha udongo kwa mikono yake, mwekundu kwanza, mweusi mwisho, akatandaza majani. Tuliporudi alitembea wima katikati ya miti, kama mtu aliye kwake, nami nikawa nakimbia kumfikia.

Misonobari ile imekatwa, naambiwa, na ng'ombe wanalisha pale. Sijali. Mama alikufa akipajua mahali pa mwanawe. Mimi binti yangu nilimzika kando ya njia tulipokimbia vita, karibu na Sake, kwa jembe la kuazima, watu wakinihimiza twende. Tangu hapo barabara imepanuliwa na nyumba zimejengwa. Kila nikienda sokoni nikakuta wanachimba msingi, nasimama ukingoni na kuangalia kuta za shimo mpaka mafundi waniulize, "Mama, unatafuta nini?" Wana haki ya kuuliza. Udongo wa Sake ni mweusi kutoka juu hadi chini, na hauonyeshi ni nani amelala wapi.