Kifuniko cha Tatu

Karatasi ya kliniki ilikuwa ya mume wangu, lakini mimi ndiye niliyeitii. Moyo wake ulipoanza kumsumbua aliandikiwa apunguze mafuta na vya kukaangwa. Akaibandika ukutani jikoni kwetu, mtaa wa Section 58, akaisoma vizuri, kisha akaenda kununua chipsi.

Tulipatana juu ya mafuta kama watu wa sokoni. Mimi nasema kifuniko kimoja cha chupa kwa sufuria, yeye anasema vitatu, tunakubaliana viwili. Nikigeuka kukata kitunguu, anaongeza cha tatu, halafu anasimama akiangalia dari.

Alipofariki nilivihesabu vile vifuniko vya ziada, nikavihesabu tena. Mara zote mbili hesabu iliniangukia mimi: ningekuwa mkali zaidi. Matanga yalipoisha na ndugu zake kurudi kwao Bahati, nilimpa jirani chupa iliyobaki, nikaanza kupika kwa maji. Sukuma wiki kwa maji, maharagwe kwa maji, karoti kwa maji. Maziwa niliyaengua utandu wote. Avokado niliiacha, njugu nikaziacha. Mimi ambaye hubishana hata na bei iliyoandikwa, karatasi ile sikubishana nayo.

Chakula cha aina hiyo hakiiti mtu mezani. Nilikimaliza kabla kiti hakijapata joto, na baada ya muda mfupi njaa ilikuwa imerudi.

Miezi ikapita. Miguu ikapauka, nikivua soksi ngozi inadondoka kama unga. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilijaribu kuzihesabu asubuhi moja, zikanishinda. Baridi ya Julai naijua, lakini huu ulikuwa Februari, jua kali, nami nimekaa kwenye kibanda changu cha mitumba nimevaa sweta mbili za kuuza. Mteja akaitaka ile ya juu. Nikaivua.

"Mathe, mbona ina joto? Imepigwa pasi?"

"Sasa hivi tu," nikamwambia, nikapandisha bei kidogo.

Nilidhani ni majonzi. Majonzi hayauziwi dawa, kwa hiyo sikutafuta. Midomo ilipopasuka hadi kusema bei kukawa kazi, ndipo nikaenda kliniki.

"Unapika na mafuta gani, mama?" daktari aliuliza.

"Maji."

"Maji si mafuta."

"Ndiyo maana nayatumia."

Hakucheka. "Nani alikukataza?"

Nikatoa karatasi kwenye mkoba. Akaisoma, akaangalia jina, akaniangalia mimi.

"Hii si yako."

"Ni ya mume wangu."

"Na yeye anaendeleaje?"

Nikaichukua, nikaikunja mara mbili. Akaelewa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Hata yeye aliambiwa apunguze, mama. Hakuambiwa ayaache kabisa." Akanieleza kwamba ngozi inahitaji mafuta, na mwili pia unayahitaji kujikinga na baridi, kwamba hata vitamini za karoti na sukuma haziingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Alisema atapima damu pia, huenda kuna mengine. Ila nianze na sufuria.

"Kidogo ni vifuniko vingapi?" nikauliza.

"Viwili vinatosha."

Yaani ile bei yetu ya zamani.

Kwenye kioski cha karibu nilinunua mafuta ya kupima, nikamiminiwa kidogo kwenye chupa yenye kifuniko. Muuzaji akashangaa. "Mathe! Nilidhani ulihama."

"Nilikuwa hapa tu."

Nyumbani nikamimina kifuniko cha kwanza, nikamimina cha pili. Harufu ilipopanda nikajua ni muda gani jiko lile lilikuwa halinuki chakula. Nikaweka chupa mezani, wazi, nikageuka kukata kitunguu. Nilikikata polepole, vipande vidogo kuliko ilivyohitajika, mgongo wangu ukiwa kwa sufuria.

Nilipogeuka, chupa ilikuwa palepale, kipimo kilekile. Nikaangalia tena. Kisha nikatia kitunguu.