Betri za Madrasa ya Kuze

"Betri ikifa, ndani yake huwa kimekufa nini?" Swali hilo aliniuliza jirani yangu wa mtaa wa Kuze, mtafiti wa kemia, nilipomaliza chuo na kudhani nimemalizana na maswali. Wiki iliyopita tumemzika, na tangu tutoke matangani swali lake halinipi utulivu.

Mnaosoma safu hii mwanijua: siamini kitu mpaka nikiguse. Ndiyo maana tulipatana. Wakati huo betri za sola za madrasa yetu zilikuwa zikizimika kabla darasa la baada ya magharibi halijakwisha. Kamati ikataka kuziuza kama vyuma chakavu na kurudia jenereta, moshi na kelele zake juu ya vichwa vya watoto. Yeye akaomba apewe hadi Ramadhani azichunguze.

"Bi Mkemia," maalim akamtania, "maiti hapewi dawa."

"Maiti huoshwa, maalim. Wewe hata kumgusa hujamgusa!"

Alizikuta darini, chini ya mabati, pahali pa moto kama tanuri. "Ni joto," akasema. Nikambishia: "Wajuaje si uzee tu?" Akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Akatafuta betri mbili ndogo, mpya, za aina ileile. Moja akaiweka darini, ya pili chini sakafuni penye ubaridi. Kila mwezi alinibishia hodi twende tukazipime. Ya juu ikapungua, ikazidi kupungua. Ya chini ikashikilia. Siku tofauti ilipokuwa wazi nilipiga kelele hadi jirani mwingine akachungulia dirishani: "Arusi ya nani?"

Betri za madrasa zikateremshwa. Nguvu iliyopotea haikurudi, lakini iliyobaki ilitosha taa, na jenereta halikurudi tena.

Leo paa za mji huu zinajaa sola, nasi tungali wepesi wa kutangaza msiba wa kitu ambacho hatujakifungua. Yeye alinifundisha kwamba ubishi usiopimwa ni uvivu tu.

Jibu la swali lake nimelipata juzi, nikisoma, na nikainuka kitini. Betri ya lithiamu, kama zile za madrasa, ikichajiwa mara ya kwanza, hutoa sehemu ya lithiamu yake, madini yabebayo chaji, kujifumia utando mwembamba unaoilinda. Joto huuchakaza, nayo huufuma tena na tena, ikila akiba yake. Lithiamu haiendi popote. Siku tunayosema betri imekufa, karibu yote ingali mle ndani, imenaswa katika kinga yake yenyewe.