Msumari wa Mkate kwa Lazhari

Mke wangu Monjia alifuma mazulia miaka arobaini. Kusoma hakujua, kama mimi. Kuhesabu nyuzi, hakuna aliyemfikia mtaani kwetu hapa Kairuani. Hakutupa kitu. Vipande vya sufu vilivyobaki alifungia mifuko. Mifuko yenyewe ya plastiki aliikunja pembetatu, akaipanga kwenye droo ya jikoni mpaka droo ikakataa kufunga.

Siku moja alisikia redioni kwamba kuna watu mjini Susa wanayeyusha mifuko hiyo na kutengeneza mipira ya kumwagilia mizeituni. Akaenda kwa Lazhari, mwenye duka la kwenye kona.

"Lazhari mwanangu, mifuko hii unatugawia wewe. Basi ipokee ikirudi."

"Bi Monjia, mimi nauza vitunguu, siuzi uchafu."

"Sijakwambia uuze. Upokee. Au mama yako alikufundisha kutoa tu?"

Lazhari alicheka. Kesho yake akaweka mlangoni kizimba cha waya, kile alichokuwa akirundikia matikiti. Gari la Susa likawa linapita kila Jumatano.

Shida ikawa mkate. Mkate hautupwi jalalani, wala hauwekwi chini ukakanyagwa. Ukikauka unautia mfukoni, unautundika mahali, mwenye kondoo apite auchukue. Watu walipoona kizimba kimejaa mifuko, wakasema hapa ndipo. Wakatundika mikate yao. Mingine ikadondokea ndani, ikaota ukungu, mifuko yote ikaharibika.

Lazhari akabandika karatasi: mifuko mitupu tu.

"Umemwandikia nani?" Monjia akamuuliza. "Nusu ya mtaa inasoma kama mimi."

Akaja nyumbani, akachukua nyundo yangu. Akapigilia msumari ukutani, usawa wa bega, hatua mbili kutoka kizimbani. Akatundika mkate wake wa kwanza, mfuko umefungwa kwa uzi wa buluu. Hakumwambia mtu. Siku ya tatu kila mtu alijua: mkate msumarini, mifuko kizimbani.

Alifariki msimu wa kuvuna zeituni. Kifua.

Niliendelea kununua mikate miwili. Mkono umezoea. Mmoja nilikula, mwingine ulikauka. Asubuhi nikitoka kusali niliutia mfukoni, nikafunga uzi wa buluu, nikaupeleka msumarini.

Ramadhani ilipokaribia Lazhari alipaka ukuta chokaa, akang'oa msumari. Asubuhi ile nilipapasa ukuta, sikuukuta. Nikatundika mkate kwenye ukingo wa kizimba, nikaenda zangu. Kesho yake vilevile. Sikuuliza. Siku hizo sikuwa nauliza kitu.

Jumatano moja Lazhari akaja kunigongea.

"Ami Bashiri, njoo. Ridha anasema leo ndiyo mwisho."

Ridha ndiye dereva wa gari la Susa. Nilimkuta amemwaga kizimba chote chini, watu wamemzunguka.

"Tazama, Ami. Mkate. Huu ni mzigo wa tatu naumwaga. Kule kiwandani wanaotukanwa si ninyi, ni mimi. Sipiti tena."

"Mtaa huu kuna mtu ana njaa ya macho," akasema jirani yetu Hnia, mikono kiunoni. "Ananunua asichoweza kula. Bi Monjia angekuwepo angemvuta sikio!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama chini. Niliona uzi wa buluu. Nikaona mwingine. Nyuzi tano, zote za buluu. Hnia naye akaziona, akashusha mikono.

"Ni mimi," nikasema.

"Si wewe peke yako, Ami," Lazhari akasema haraka. "Na msumari niliung'oa mimi."

Ridha alivua kofia, akaivaa tena. "Sina ugomvi na mtu. Jumatano ijayo napita mara moja. Nikikuta hata chembe, basi."

Nikaenda nyumbani kuchukua nyundo. Kizimba kile kilikuwa cha Monjia. Kikiondoka kwa ajili ya mkate wangu, ningemwambia nini?

"Ukuta wangu mpya, Ami!" Lazhari akalalamika. Lakini msumari aliushika mwenyewe. Tundu la zamani nililipata kwa kidole, chini ya chokaa.

Wiki ile nilikaa pale juu ya kreti ya vitunguu. Kila mfuko uliokuja niliukung'uta, nikaugeuza ndani nje.

"Ami Bashiri, umeajiriwa?" Hnia akaniuliza.

"Nimerithi."

"Na mshahara?"

"Kelele zako."

Kesho yake aliniletea chai, na mifuko ishirini na kitu, imekung'utwa. Siku ya Jumanne nilifungua droo ya jikoni. Nikabeba mifuko yote aliyoiacha Monjia, ile ya pembetatu. Nilikunjua mmoja mmoja nikitazama ndani. Haikuwa na chembe. Nilijua itakuwa hivyo, lakini nilitazama.

Jumatano Ridha aliingiza mkono mpaka chini kabisa ya kizimba. Akautoa, akaunusa.

"Pakieni," akasema. "Tutaonana wiki ijayo."

Gari lilipoondoka niliingia dukani. Lazhari alikwisha kuninyooshea mikate miwili.

"Mmoja," nikasema.

Akarudisha mmoja rafuni. Akavuta mfuko, nikamwonyesha kikapu nilichokuja nacho.