Kigoda cha Ekai

Mwanangu Akiru, hadithi yako nimeisoma. Msichana na mchumba wake wanaachana, msichana anarudisha kigoda, na mwalimu wenu anataka mseme kigoda kinaashiria nini. Haya, umemuuliza anayejua. Bibi yako alikirudisha cha kweli.

Asubuhi yenyewe naikumbuka, hapa hapa Lodwar, nikiwa na umri wako na kichwa kigumu kuliko chako. Mchumba wangu Ekai alikuwa amepata kazi ya kupakua mizigo Kakuma. Unajua mwanamume wa kwetu hatembei bila kigoda chake. Mchana anakikalia, akilala anaweka kichwa juu yake. Ekai alikiacha nyumbani kwetu. "Kikae hapa," akasema, "nitakifuata." Nikaringa nacho, wacha tu!

Kisha nikasikia ameonekana akicheza ngoma na msichana mwingine huko. Sikuuliza. Nilibeba kigoda mpaka kwa dereva wa lori la Kakuma, nikamwambia ampelekee.

"Nimwambie nini?" dereva akauliza.

"Usimwambie kitu. Atajua mwenyewe."

Moyoni nilisema atapanda lori la kwanza aje kunibembeleza. Hata nywele nilisuka!

Hakuja. Wiki ikapita, na nyingine. Mama akanikuta nasuka kikapu huku nalia.

"Ulitaka aje?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimwambia aje?"

Nikainamia kikapu changu.

"Sasa yeye kakosa nini?"

Mama alisema kweli, na barabara ilikuwa pale pale, lakini sikwenda. Kiburi, mwanangu. Kiburi tu.

Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa na babu yako, nilimkuta Ekai nje ya duka lake Kakuma. "Ejok," tukasalimiana. Akainuka, akanipa kigoda kile kile nikalie. Akanieleza, wala hakuwa na hasira, kwamba siku alipokipokea alikwenda kukaa nacho kando ya barabara. Siku tatu alikaa, akitazama kila lori lililotoka Lodwar, labda nitashuka. Msichana wa ngoma hata jina hakulijua. Chai aliyonipa niliiacha ikapoa.

Babu yako alikuwa mtu mwema, sijuti kuolewa naye. Lakini zile siku tatu bado zinaniuma.

Kwa hiyo mwandikie mwalimu kwamba kigoda ni ahadi, na kukirudisha ni kuivunja. Atakupa alama zako. Katika hadithi, vitu visemee watu, ni sawa. Nyumbani kwako usivitume vikusemee. Ukiwa na hasira, sema. Ukitaka mtu aje, mwambie njoo, hata kama sauti inatetemeka.

Na ule ushanga aliokupa mchumba wako Lokiru, ulioufunga kwenye gazeti tangu Jumapili, nimeuona. Mimi si kipofu. Usiupe dereva. Uvae, upande gari uende Kakuma aliko, umuulize kwa mdomo wako. Akuj, Mungu wetu, akutangulie njiani, mwanangu, na akulegezee ulimi ukifika.