Mashine ya Wifi Scolastika

Wifi yangu Scolastika hakujaliwa mtoto, lakini alikuwa na mashine ya kumenya kahawa. Aliachiwa na marehemu mumewe, enzi za Mwingereza, kahawa ilipoanza kutukubali huku Umatengo. Wanaume walingoja aiuze. Yeye akaifungua yote, akaipaka grisi, akaifunga tena, ikamenya bila kuvunja punje. Tangu hapo kijiji kizima kilipeleka kahawa kwake.

Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni binti yangu Gertruda. Msimu mzima alirudi jioni ananuka grisi, na kila neno lilikuwa shangazi. Shangazi kasema skrubu ikilegea, punje zinapita na maganda. Shangazi anacheka hivi. Mimi niliyemzaa nilimpakulia ugali, akala huku anatazama mlangoni.

Msimu ulipoisha nikashukuru. Ikaja Machi, wakati wa ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Mume wangu Wendelini alishafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba mteremkoni. Kuchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ni kazi yetu wanawake. Ndipo wifi akaja.

“Wifi, nipe Gertruda. Fundi wa karakana ya misheni kule Kigonsera amekubali kutufundisha kutengeneza vipuri vya mashine.”

“Na mashimo yake atachimba nani?”

“Mimi, kabla hatujaondoka.”

“Kwa mikono hiyo ya grisi?”

Kesho yake akaja na jembe. Nilimfuata nyuma nikikagua. Ncha za nyasi zilichomoza kila upande. Mvua moja tu ingebomoa kila kitu. Moyo wangu ukatulia kabisa.

“Wifi, hizo nyasi unazifukia au unazifunika shuka?”

Gertruda, aliyekuwa ametufuata, akacheka, nikadhani anacheka nami. Kumbe alikwenda kusimama kando ya shangazi yake, akashika jembe.

“Vuta udongo toka katikati, shangazi. Usiurushe, ulaze. Halafu ukandamize kwa mguu.”

Maneno hayo yalikuwa yangu, mpaka ule mguu.

“Nani kakufundisha vizuri hivi?” wifi akauliza.

“Mama. Nani mwingine?”

Scolastika alinitazama. Uso ule niliufahamu. Ndio niliokaa nao mimi jikoni, jioni zote za msimu wa kahawa.

“Mchukue,” nikamwambia. “Lakini safu hii uirudie.”

Siku ya safari wifi alikuja na chakula cha wawili. Mimi nilishamfungia Gertruda viazi vyake, nikamwambia aanze na hivyo.