Jirani Aliyenyimwa Viti vya Kubeba

Jumamosi, katika mazishi huko Uriri, jirani mpya mwenye mvi alianza kupanga viti. Alikuwa ameishi miaka mingi katika kituo cha wenye ulemavu wa akili. Sasa alikuwa amekodi chumba kijijini. Mwanamke mmoja, mdogo kwake kwa umri, akamnyang'anya kiti kwa upole.

“Mwanangu, wewe keti. Utaletewa chakula.”

“Chakula nilikuwa naletewa kule,” akajibu, mikono ingali imenyooshwa. “Hapa nimekuja kusaidia, kama majirani wengine.”

“Sawa, sawa. Keti tu.”

Vijana wakacheka. Akaketi kando yangu. Mimi, mwenye nguvu zangu zote, nilikuwa nimekaa tangu asubuhi na hakuna aliyeshangaa. Sahani yake ilipoletwa, hakuigusa. Yangu nilikuwa nimeshaimaliza.